Wimbo Uliofungiwa Senene

Vijana wa kwaya, mmeniomba niandike niliyoyaona katika kazi ya kufundisha kuimba, ili muyaweke kwenye kitabu chenu cha kumbukumbu. Mlikuja watatu, mkakaa sebuleni kwangu kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona mazoezini, na mmoja wenu akasema, "Bibi Mwalimu, andika tu yale mafanikio." Mafanikio nitayatafuta nikipata nafasi. Nitaanza na makosa, maana ndiyo ninayoyakumbuka vizuri, na moja kati ya hayo bado linanifanya nishike kifua kila ninapopita mbele ya mtu anayekaanga senene.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi asubuhi na mwalimu wa kwaya jioni, hapahapa Kagoma, kwa miaka thelathini na minane. Shule ilinistaafisha kwa barua. Kwaya ilinistaafisha kwa magoti, siku niliposhindwa kusimama hadi mwisho wa ibada nikaongoza nimekaa, nanyi nyuma mkacheka. Niliwaona.

Leo mnatafuta sauti kwa kinanda cha umeme. Mnabonyeza, kinalia, mnakifuata. Umeme ukikatika mnatazamana. Sisi tulisoma nota za herufi: d, r, m, f, s, l, t, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti. Nukta mbili hutenganisha mapigo, na kistari maana yake endelea kushikilia sauti, usiiache katikati ukaanza kutafuta mate. Mtu akijua herufi saba na akawa na masikio, anaweza kupewa wimbo asioujua, wa watu asiowajua, akauimba bila chombo chochote. Mnaniona mshamba ninaposema hivyo. Sawa, someni.

Aliyenifundisha ni Mwinjilisti Ishengoma, tuliyemwita Ta kwa heshima, mtu mfupi, mkali, mwenye fimbo ya mpera ambayo haikupiga mtu ila ilitisha kila mtu. Alikuwa na kitambaa kirefu alichokining'iniza ukutani, kimechorwa ngazi ya herufi kutoka do ya chini hadi do ya juu. Alikuwa akigusa herufi kwa ile fimbo nasi tunaimba alichogusa. Alipenda kuruka kutoka do hadi la bila onyo, na aliyekosea alibaki peke yake mbele ya ngazi mpaka apatie. Nilibaki mbele ya ngazi ile jioni nyingi sana.

Kiuma cha chuma cha kutolea sauti hatukuwa nacho. Ta Ishengoma alichukua do kwenye kengele ya kanisa, na kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti. Alipiga mara moja, tukavuma naye, wimbo ukaanza. Kisha rimu ikaibiwa. Wazee wakatafuta nyingine, ndogo kidogo, na Jumapili iliyofuata nyimbo zote zikapanda juu. Sauti za kwanza walipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikasimama, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwinjilisti kwamba do yake imehama. Tuliimba hivyo karibu mwaka mzima. Ndipo nilipojifunza jambo la kwanza la kazi hii: kabla hujalaumu waimbaji, kagua umeanzia wapi.

Nilipochukua kwaya baada yake niliweka sheria yangu mwenyewe. Wimbo mpya ukija, kila sauti inanakili mstari wake kwa mkono, kwenye daftari lake. Sauti ya kwanza mstari wa kwanza, sauti ya pili wa pili, na hivyohivyo hadi besi. Mashine za kutoa nakala zilipofika Muleba mjini watu waliniomba tupeleke nyimbo huko. Nikakataa. Macho hupita juu ya nukta bila kuiona, lakini mkono ukishaiandika umeiona. Waliniita mbishi, na mimi ni mbishi kweli.

Mtu mmoja tu hakuwahi kunitii. Ta Kaijage, fundi baiskeli wa pale sokoni, ndiye alikuwa nguzo ya besi. Alikuwa na sauti iliyotingisha vioo vya madirisha, lakini hakuwa na daftari. Nikimuuliza, anajibu kwa heshima, "Mwalimu waitu, daftari langu liko kichwani." Nilimsema miaka ishirini. Nilimwambia kichwa huvuja, kichwa huzeeka, kichwa kinaweza kufa pamoja na mwenyewe. Alikuwa akiitikia vizuri kabisa, na wiki inayofuata anakuja mikono mitupu.

Sasa nawaleta kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa wakati ambao simu zetu zilikuwa za vitufe tu, hazipigi picha za maana. Mchungaji alikuja mazoezini na mgeni, bibi wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, jina lake Nesta. Katika ujana wake alikuwa muuguzi katika hospitali moja huku kwetu, na sasa, mjane mwenye miaka themanini kasoro kidogo, alikuwa amerudi kuona watu wachache aliowajua kabla hajafa yeye au hawajafa wao. Hivyo ndivyo alivyosema. Kila mtu alimwita Sista Nesta. Kiswahili alikuwa nacho, ila kilikuwa cha wodini: kila sentensi amri.

Aliingia, akaona ubao wangu umejaa herufi na nukta, akasimama.

"Kaa kimya," akaniambia, nami sikuwa nimesema kitu. Akasogea, akaweka kidole juu ya ubao. "Hii. Unasoma hii?"

"Wote hapa tunasoma," nikasema.

"Soma sasa. Fungua mdomo."

Nikawapa waimbaji ishara, wakaimba mstari ule kwa herufi. Sista Nesta alikaa kwenye benchi akafuta macho kwa kiganja. Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani kwangu na bahasha.

Nilikuwa namenya ndizi za mchana. Alichukua kisu bila kuombwa, akaketi kwenye kigoda, utomvu ukamganda mikononi, akaanza kunisimulia. Kwao si Uingereza, ingawa watu huwaweka kapu moja. Ni Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza, yenye milima, mvua na lugha yake. Babu yake alizaliwa huko na mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwa kijana anayechimba makaa ya mawe chini ya ardhi. Wanaume walirudi nyumbani weusi tii, wakaoga kwenye karai kubwa mbele ya moto jikoni, mke anasugua mikono na kifua. Mgongo haukuguswa, maana waliamini kuosha mgongo kunaondoa nguvu za mchimbaji. Nikamuuliza, na shuka? Akacheka sana. Akasema bibi yake aliosha shuka maisha yake yote.

Wanawake walibeba watoto kwa shali kubwa, wameizungusha mwilini hadi mkono mmoja unabaki huru kufanya kazi. Nikamwonyesha kanga yangu iliyokuwa kambani. Mboga yao nyeusi ya baharini inayokaangwa kwa shayiri, wageni huiona wakakunja pua. Nikamwambia hilo tunalijua, sisi tuna senene, panzi wetu wa kukaanga. Akasema senene alikula akiwa binti wa miaka ishirini na mbili na akamaliza sahani.

Nyumbani walizungumza Kiwelsh, shuleni Kiingereza. Mama wa bibi yake aliwahi kuvishwa kipande cha mbao shingoni kwa sababu alizungumza lugha ya mama yake darasani. Hapo niliacha kumenya. Mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu kijana, niliwavisha watoto kibao kwa kuongea Kihaya. Nilidhani tumekibuni sisi. Sikumwambia siku ile, nawaambia nyinyi.

Na walikuwa watu wa kanisani. Jumapili mara tatu, na katikati ya wiki mazoezi. Wachimbaji wasiojua kusoma nota za Wazungu wakubwa, zile za mistari mitano, walisoma herufi, kwenye ngazi ndefu iliyotundikwa ukutani. "Mwalimu anagusa kwa fimbo," akasema Sista Nesta, akionyesha kwa kisu hewani. Nikahisi nywele zinanisimama. Ta Ishengoma alikuwa na ndugu kule na hakuwahi kuwajua.

Ndipo akafungua bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi moja ya kahawia, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli hafifu. Kaka yake huyo babu alifia shimoni, ardhi ilipowaangukia. Babu akamtungia wimbo wa maziko, sauti nne, ukaimbwa mara moja tu makaburini. Baada ya hapo hakutaka kuusikia tena. Karatasi ikakaa ndani ya Biblia, ikarithiwa na mama yake Nesta, kisha Nesta mwenyewe. Maneno hayakuandikwa, kwa sababu siku ile waliimba maneno ya wimbo ambao kila mtu aliujua. Siku hizi, hata kule kwao, wanaosoma herufi ni wachache, na wale aliowajua wameshakufa. Alijaribu kuipiga picha, penseli haikuonekana.

"Nimekuwa na wimbo huu maisha yote," akasema, safari hii bila kuamuru, "na sijui unaendaje."

Nilimwahidi. Alikuwa anakwenda kukaa Bukoba mjini kwa wiki kadhaa, na Jumapili ya mwisho kabla ya kusafiri angerudi Kagoma kuusikia na kuchukua karatasi yake. Akaniachia. Vijana, mtu aliniachia kitu pekee kilichobaki cha babu yake, kwa sababu alinikuta na herufi saba ubaoni.

Nilianza kazi kwa kiburi chote. Nikahesabu silabi, nikaona maneno ya wimbo wetu mmoja wa maziko wa Kihaya yanakaa juu yake bila kulazimishwa. Nikaimba kila mstari mara moja mbele ya kwaya, nikitazama ile karatasi kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Wakaanza kunakili. Kila walipomaliza zamu, karatasi nilirudi nayo nyumbani, nikailaza katikati ya gazeti la zamani ili inyooke, na juu ya gazeti nikaweka Biblia.

Sasa mtu yeyote aliyezaliwa mkoa huu anajua nilichokosea. Ulikuwa mwezi wa Novemba. Senene walikuwa wameanguka. Wakati huo wa mwaka hakuna gazeti lililo salama katika nyumba ya Mhaya.

Nilitoka shuleni nikakuta Biblia imewekwa vizuri kwenye kiti. Mume wangu, Ta Rwegasira, Mungu amrehemu, alikuwa kibarazani amejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

"Gazeti la mezani liko wapi?" nikauliza.

"Lipi?"

"La chini ya Biblia!"

"Ah. Nimefungia senene za Byabato. Kuna mtu alikuwa anakwenda Kemondo kupanda boti."

Byabato ni mdogo wake, aliyekuwa anauza dagaa kwenye kisiwa kimoja huko ziwani.

"Gazeti lote?"

"Senene zilikuwa nyingi," akasema. "Tena kulikuwa na karatasi nyingine ngumu katikati, hiyo nimeiweka ndani kabisa ili mafuta yasipenye."

Sikupiga kelele. Nadhani hilo ndilo lililomtisha. Nilipanda pikipiki na nguo zangu za kazini hadi Kemondo, nikapita kati ya magunia na ndoo za samaki nikiuliza kila mtu, na boti ilikuwa imeshaondoka. Byabato hakupatikana kwenye simu kwa siku mbili, maana kisiwani mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Alipopatikana, nami niko shambani, alikuwa mchangamfu.

"Shemeji! Senene nimepata. Tamu, ila chumvi ilizidi kidogo."

"Byabato, karatasi. Karatasi iliyokuwa ndani."

"Ile yenye mafuta? Tuliwashia jiko. Iliwaka vizuri mno."

Nilikaa chini palepale shambani, kwenye majani makavu ya migomba. Nilikuwa nimefundisha watu kutunza daftari miaka yote hiyo, halafu mimi ndiye niliyepoteza wimbo wa marehemu wa watu. Akilini nilimwona Sista Nesta akifungua mkono kupokea karatasi yake. Chakula kilinishinda wiki nzima. Ta Rwegasira naye alikosa amani, akawa anateka maji bila kuambiwa.

Mazoezi yaliyofuata niliwaambia waimbaji ukweli, kisha nikasema, "Leteni madaftari."

Hapo ndipo ubishi wangu uliponilipa. Sauti ya kwanza walikuwa wamenakili mstari wao wote, safi. Sauti ya pili pia. Sauti ya tatu madaftari mawili yaligombana mahali pamoja, moja likisema f na lingine m, lakini tulipoimba pamoja na sauti nyingine f ilikwaruza masikio ya kila mtu, tukajua aliyeandika m ndiye aliyekuwa macho. Nilianza kupumua. Nikageukia besi.

Katika besi wengine walikuwa bado wanasubiri zamu, aliyeandika ni mmoja, Mugisha, karani wa ghala la kahawa. Alinipa daftari huku akitazama viatu. Wimbo ulikuwa na mafungu manne. Alikuwa amenakili matatu.

"La nne?"

"Nilisema nitamalizia wiki ijayo, Mwalimu."

Ndipo Kaijage akakohoa kule nyuma.

"Mimi ninalo," akasema.

"Umeliandika?"

"Hapana. Uliliimba mara moja, nikalisikia."

Nikamwambia aimbe. Akasimama, akatoa la ya chini, akaishikilia. Nikangoja ahame. Hakuhama. Mapigo kumi na sita mtu yuko kwenye la ileile, kisha akaketi.

"Kaijage," nikasema, "huo si mstari. Huo ni usingizi."

"Ndivyo ulivyoimba."

"Mimi niliimba sauti moja fungu zima?"

"Uliimba, ukakohoa katikati, ukaendelea na la ileile."

Kukohoa nilikumbuka. La sikuikumbuka kabisa. Sauti tatu za juu zilikuwa zinapanda na kushuka katika fungu lile, zinasukana vizuri ajabu, na huyu fundi baiskeli ananiambia besi ilisimama tu kama gogo. Niliamini alichosahau amekijaza kwa uvivu. Nikafanya jambo ambalo sikujivunia hata wakati nalifanya: nilikwenda nyumbani nikatunga besi yangu. Ilikuwa nzuri. Ilishuka kwa hatua, ikainuka, ikatua mwishoni pamoja na wengine. Nikaandika ubaoni, besi wakajifunza kwa siku mbili, na mtu yeyote angesikia angesema ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Isipokuwa Kaijage. Kila tulipofika fungu la nne wenzake walishuka ngazi yangu, yeye akabaki kwenye la yake. Nilimkemea mbele ya watu. Nilimwambia kama hataki kufundishwa atoke.

Hakutoka. Akasema taratibu, "Mwalimu waitu, fundisha unavyotaka na sisi tutaimba. Lakini huo ni wimbo wako. Yule mama hakuja kutafuta wako."

Nilimchukia kwa siku tatu hivi. Siku ya nne, Jumamosi, nilikwenda kanisani peke yangu mchana, nikasimama mbele ya ubao. Nilijua kwamba nikiiacha besi yangu pale hakuna mtu duniani angegundua. Mwenye wimbo alikufa, karatasi ikawa majivu, na mjukuu hajui kusoma herufi zile. Hilo ndilo lililonitia hofu. Uongo ambao hakuna wa kuugundua ungekaa kwangu hadi kaburini. Nikachukua dasta nikafuta. Badala yake nikaandika l moja na vistari vyake. Niliona ubao umebaki mtupu, nikaumia, maana nilikuwa nimeupenda mstari wangu. Jioni ile nikawafundisha besi wote la ya Kaijage.

Jumapili Sista Nesta alikuja, amevaa gauni la bluu na kofia. Baada ya ibada watu hawakuondoka, habari ilikuwa imeshaenea. Akaketi benchi la mbele. Sikumtazama. Nilitoa sauti, nikainua mikono.

Tuliimba fungu la kwanza, la pili, la tatu. Sijui niwaambieje. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyekuwa anajizuia asilie mbele ya wenzake. Tulipofika la nne sauti za juu zikaanza kusukana, na chini yao Kaijage na wenzake wakashika la yao, wakaishika, wakaishika. Vioo vikatetemeka. Tukamaliza.

Watu walitaka kushangilia. Nikainua mkono kuwazuia, kwa sababu nilijua nikipokea makofi yale sitaweza tena kusema. Nikamgeukia.

"Sista, karatasi yako sina. Imeungua. Mume wangu aliifungia senene, na ndugu yake akaiwashia jiko. Wimbo tumeutoa kwenye madaftari. Lakini besi ya mwisho haikuandikwa. Ni Kaijage huyu aliyesema anaikumbuka, na mimi sikuamini, na hata sasa sijui. Inawezekana fungu la mwisho si la babu yako."

Ta Rwegasira, kule kwenye viti vya wazee, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Senene," akasema Sista Nesta. "Zilikuwa tamu?"

"Shemeji anasema chumvi ilizidi."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akashika benchi. Akauliza Kaijage ni yupi. Kaijage akasimama.

"Sikiliza," akamwambia, na sote tukasikiliza. "Kwetu wanawake hawakwenda kaburini. Wanaume tu. Mama yangu alisimuliwa na babu, akanisimulia mimi. Wale wenye sauti nene ndio waliofanya kazi na kaka yake shimoni, ndio waliotaka kushusha jeneza kwa kamba. Babu akafikiri, mtu anashusha rafiki yake kwa kamba, mikono inauma, hawezi kuimba nota nyingi. Akawapa sauti moja. Washike kamba, washike sauti, hadi jeneza lifike chini. Mama alisema hivyo. Sauti moja tu. Mimi sikujua iko wapi kwenye karatasi. Sikuweza kusoma."

Nilikaa kwenye ngazi ya madhabahu na kulia kwa sauti, mwalimu mzima, mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la nne, na sikuona aibu hata kidogo. Mzigo ulinitoka mabegani, nikauhisi ukitoka. Ta Rwegasira alikuja akaketi kando yangu, na nikamwachia mkono wangu aushike.

Nilipoweza kuongea nilimwomba Kaijage msamaha, palepale, kwa jina lake, kwa kila jambo nililomwambia tangu siku ile ya la. Alipokea kwa kutikisa kichwa mara moja tu. Vijana, bado nawaambia andikeni, bila Mugisha na wenzake tusingekuwa na wimbo wa kumalizia. Lakini akitokea mtu mwenye masikio kama yale, mwacheni aseme hadi mwisho kabla hamjatunga wenu.

"Tuimbe tena, Mwalimu," Kaijage akasema. "Huyu mama hajaimba."

"Hajui nota," nikasema.

"Kwetu besi kuna moja tu."

Sista Nesta akaelewa kabla yangu. Alivua kofia, akaiweka kwenye benchi, akapita katikati ya sauti za kwanza na za pili hadi nyuma kabisa, akasimama kati ya Kaijage na Mugisha. Mafungu matatu alinyamaza. Tulipofika fungu la nne Kaijage alimwinamia akampa la, naye akaichukua, juu zaidi kuliko wanaume, sauti ya bibi kizee inayotetemeka, na akaishikilia pamoja nao hadi jeneza lilipofika chini.